Kabla Hujabonyeza "Sasisha"

Ujumbe wenyewe huja bila kelele. Unawasha simu asubuhi kuangalia kama mteja wa Malaba amejibu, na juu ya kioo unakuta maandishi madogo: sasisho la mfumo liko tayari, bonyeza hapa. Mwenye simu ya mwaka huu atabonyeza na kuendelea na shughuli zake. Lakini wengi wetu hapa Mukuju, na kuanzia Tororo mjini hadi Busia zote mbili, ya Uganda na ya Kenya, hatuna simu za mwaka huu. Tuna simu za miaka minne au mitano, nyingine tulizinunua zikiwa zimeshatumika, kioo kimebadilishwa mara moja na betri haifiki jioni. Kwa simu ya namna hiyo, swali la kubonyeza au kutobonyeza linastahili nusu saa ya kufikiri. Naomba tuitumie pamoja.

Naanza na dada yangu, maana yaliyomkuta ndiyo yaliyonifundisha mengi ya haya. Anauza dagaa kando ya barabara ya Tororo kwenda Mbale. Sisi huku tunawaita mukene, wateja wake wa Kenya wanawaita omena. Simu yake aliinunua dukani mpakani, na kijana wa dukani akamsaidia kuiwasha: akamtilia laini mbili, akamfungulia akaunti ya Google kwa jina alilolibuni palepale, akampakulia WhatsApp. Dada akaondoka na simu inayofanya kazi, ila nenosiri hakuondoka nalo. Miaka mitatu baadaye ujumbe wa sasisho ukaja, akaufuta, ukarudi, akaufuta tena, hadi jioni moja akaubonyeza ili uache kumsumbua. Betri ilikuwa chini na umeme ulikuwa umekatika. Simu ikazima katikati ya kazi. Ilipochajiwa kesho yake ilifika kwenye nembo ya kampuni na kukwama hapo.

Fundi aliifufua kwa kufuta kila kitu na kuirudisha kama ilivyotoka kiwandani. Ikawaka vizuri, ikasalimia, ikauliza lugha. Kisha ikadai akaunti ya Google iliyokuwa ikitumika humo kabla ya kufutwa. Hapo safari ikaishia. Kizuizi hicho kimo kwenye simu za Android tangu toleo la 5.1 la mwaka 2015, na kiliwekwa ili anayeiba simu asiweze kuifuta na kuiuza. Ni kinga nzuri, na sitaki iondolewe. Lakini haijui sura ya mwenye simu, inajua nenosiri tu. Yule kijana wa dukani alikuwa ameshahama, na jina alilolibuni hakuna aliyelikumbuka.

Pesa zake hazikupotea, na hili nalisema mapema kwa kuwa ndiyo hofu ya kwanza ya kila mtu. Pesa za simu hazikai ndani ya simu. Zinakaa kwenye akaunti yako huko kwenye mtandao, na ufunguo wake ni laini pamoja na PIN. Dada alichomoa laini zake, akazitia kwenye kabambe ya mama, akapiga *165#, salio lote likaonekana. Aliposogea Malaba mpakani, laini yake ya Kenya nayo ikaitikia *334#. Kilichopotea ni orodha ya wadaiwa aliyokuwa akiiandika kwenye simu, na picha za mtoto wake wa kwanza akiwa mchanga. Wadaiwa waungwana walijitaja wenyewe. Picha hazikurudi.

Kwa hiyo kabla ya neno lolote kuhusu masasisho, nakuomba ufanye jambo moja leo, simu yako ikiwa bado nzima. Ingia kwenye mipangilio, tafuta sehemu ya akaunti, uone ni barua pepe gani imeandikwa pale. Je, unaijua? Nenosiri lake unalo? Kama akaunti ilifunguliwa na mtu mwingine, fungua ya kwako, uiingize, kisha uitoe ile ya zamani ukishahakikisha kwamba majina na picha zako zimehamia kwenye mpya. Andika barua pepe na nenosiri kwenye daftari, ulifungie ndani ya sanduku unakoweka hati ya kiwanja. Najua wataalamu wengi husema nenosiri lisiandikwe mahali popote. Kwa mtu anayetumia nenosiri lake mara moja kwa miaka mitatu, daftari lililofungiwa nyumbani ni salama kuliko kichwa.

Sasa tuje kwenye ujumbe wenyewe, kwa sababu neno "sasisho" limebeba vitu vitatu tofauti na watu huvichanganya. Kuna sasisho la programu mojamoja, kama WhatsApp au programu ya benki, linalopitia Play Store. Kuna sasisho la usalama, ambalo huziba matundu yaliyogunduliwa kwenye mfumo bila kubadilisha sura ya simu. Mara nyingi ni dogo. Na kuna toleo jipya la mfumo mzima, yaani simu inatoka Android 10 kwenda 11, au 12 kwenda 13. Hili ni kubwa, mara nyingi hupita gigabaiti moja, na ndilo linaloweza kuielemea simu ya zamani. Ukibonyeza ujumbe utapewa maelezo kabla ya kukubali. Yasome. Yakitaja usalama na mwezi fulani tu, ni la aina ya pili. Yakitaja namba mpya ya Android, ni la tatu.

Msimamo wangu ni huu: la usalama likubali karibu kila mara. La programu za pesa na mawasiliano likubali maadamu nafasi ipo. Toleo jipya la mfumo kwenye simu yenye umri, subiri kwanza.

Wanaosema kwamba masasisho huua simu za zamani wanachekwa, na hawastahili. Desemba 2017 kampuni ya Apple ilikiri kwamba sasisho lake lilipunguza kasi ya baadhi ya iPhone za zamani zenye betri zilizochoka. Ikaeleza kwamba lengo lilikuwa kuzizuia zisizime ghafla, na ikashusha bei ya kubadilisha betri kutoka dola 79 hadi 29. Oktoba 2018 mamlaka ya ushindani ya Italia iliitoza Apple faini ya euro milioni 10 na Samsung euro milioni 5, kwa sababu ya masasisho yaliyosukumwa kwenye simu zisizoweza kuyabeba vizuri. Kwa Samsung kesi ilihusu Galaxy Note 4, simu ya mwaka 2014, ambayo wenyewe walihimizwa kuweka mfumo uliotengenezewa simu mpya zaidi. Basi mzee anayekuambia kwamba simu yake ilikuwa nzima hadi alipoisasisha hasemi uzushi.

Ila tuelewe inavyotokea. Mfumo mpya unachukua nafasi zaidi kwenye hifadhi, na unataka RAM zaidi kila unapofanya kazi. Simu yenye hifadhi ya gigabaiti 16, ikiwa imejaa video za vikundi vya kanisa na vya mazishi, inaanza kuhangaika kama mtu anayetafuta shati ndani ya sanduku lililoshindiliwa. Hifadhi ikijaa, hata kuandika ujumbe mfupi kunakuwa kwa taabu. Halafu baada ya sasisho lolote kubwa simu hupanga upya programu zake kwa siku moja au mbili. Inapata joto na betri inakwisha upesi. Usiihukumu siku hiyo. Mpe siku tatu mgonjwa aliyetoka kwa daktari.

Na mara nyingi tunachokiita uzee wa simu ni uzee wa betri. Kama simu inazima ikiwa na asilimia 20, au mgongo wake umeanza kutuna, tatizo hilo sasisho halitalitibu. Betri iliyovimba usiichaji tena hata mara moja. Ipeleke kwa fundi ibadilishwe. Pesa uliyotaka kuitia kwenye bando la kupakua mfumo mpya, itie kwenye betri kwanza.

Upande wa pili wa mizani ni hatari ya kutosasisha, nayo haionekani kwa macho. Julai 2015 watafiti walitangaza tundu kwenye Android lililoitwa Stagefright: ujumbe wa picha uliotengenezwa kwa hila ungeweza kumpa mtu mlango wa kuingia kwenye simu yako kwa kujua namba yako tu. Mamia ya mamilioni ya simu yalikuwa na tundu hilo. Mwezi uliofuata, Agosti, Google ikaanza kutoa masasisho ya usalama kila mwezi, na ndiyo asili ya hiyo tarehe unayoiona kwenye mipangilio, sehemu ya kuhusu simu, karibu na namba ya Android. Itafute. Tarehe hiyo inakuambia mara ya mwisho matundu ya simu yako kuzibwa. Simu zilizotoka na Android 10 ya mwaka 2019 au zaidi zina tarehe ya pili, ya sasisho la mfumo linalopitia Google Play. Hilo ni dogo na huweza kuendelea kuja hata kampuni iliyotengeneza simu ikishaacha kuihudumia. Wengi hawajui lipo. Liguse uone kama lina jipya.

Uzito wa hatari hiyo unategemea kilichomo ndani ya simu yako. Bibi anayetumia simu ya kioo kusikiliza redio na kupokea simu za wajukuu hana haja ya kuhangaika. Mwenye bodaboda anayevusha watu Malaba, mwenye laini mbili na programu mbili za pesa na picha ya kitambulisho kwenye galari, ana kila sababu ya kusasisha. Jiulize: simu hii ikifunguliwa na mtu mbaya saa hii, atapata nini? Jibu lako lipime uharaka.

Wakati mwingine hakuna uchaguzi. Tangu mwanzo wa 2025 WhatsApp haifanyi kazi tena kwenye Android 4.4, na mwenye simu hiyo hata akisasisha programu usiku kucha hatafika popote. Simu zenye Android ya chini ya 7.1.1 nazo zina taabu nyingine: vyeti vya usalama vilivyomo ndani yake vimepitwa na wakati, hivyo tovuti nyingi hukataa kufunguka au huleta onyo, hata mtandao ukiwa mzuri. Watu hulaumu bando. Kama simu ya aina hiyo bado inaletewa toleo jipya, lichukue licha ya yote niliyosema juu ya kusubiri.

Kwa wengine wote, kusubiri maana yake ni wiki tatu au nne. Tafuta mtu mwenye simu ya aina ileile, namba ileile ya modeli, umuulize yake ilikuwaje. Mafundi wa stendi wanajua mapema kuliko yeyote, kwa sababu simu zilizoharibika huletwa kwao. Sababu ya kuuliza kwanza ni kwamba kurudi nyuma ni vigumu mno. Simu nyingi hukataa mfumo wa zamani baada ya kupewa mpya, na hata zinazokubali hufuta kila kitu.

Gharama nayo isipuuzwe. Huku Uganda bando lina kodi ya asilimia 12 tangu Julai 2021, ilipofutwa ile ya shilingi 200 kwa siku ya kutumia mitandao ya kijamii. Gigabaiti moja na nusu kwa ajili ya mfumo ni pesa ya kula. Kama una ndugu mwenye waifai ofisini au shuleni, mwombe. Vinginevyo tumia bando la usiku kama mtandao wako unalo. Zima upakuaji unaojiendesha wenyewe kwa kutumia data, uache wa waifai tu. Ukiwa mpakani angalia pia ni laini gani inayopakua. Simu ya laini mbili inaweza kupakua kwa laini ya Kenya ikiwa upande wa Uganda, na salio lako likaliwa kimya kimya.

Kuna jambo linaloniuma kuliko yote haya: masasisho ya uongo. Unafungua tovuti ya habari, kioo kinageuka chekundu: simu yako ina virusi, sasisha sasa. Au unaletewa ujumbe wenye kiungo, au mtu anakupigia akijifanya mhudumu wa mtandao na kukuambia laini yako isiposasishwa leo itafungwa, naomba PIN. Sasisho la kweli la mfumo huonekana ndani ya mipangilio ya simu, na la programu huonekana Play Store. Haliji kwa SMS na halihitaji PIN yako ya pesa hata siku moja. Uganda tuna mtego wa ziada. Facebook imefungwa tangu Januari 2021, watu wamezoea VPN, programu za kukwepa kizuizi hicho, na wanapozikosa huzichukua kokote, hata kwa kurushiana faili kwenye WhatsApp. Faili uliyorushiwa hujui imebeba nini. Hali kadhalika zile WhatsApp za bandia zenye rangi na vionjo vingi. WhatsApp yenyewe huwafungia akaunti watu wanaozitumia, na wewe umempa mtu usiyemjua mazungumzo yako yote.

Fundi je? Nawaheshimu mafundi wetu; bila wao nusu ya simu za wilaya hii zingekuwa takataka. Lakini akikuambia "nitakuflashia upate Android mpya" kwenye simu ambayo kampuni yake imeshaacha kuitolea mfumo, mwulize faili anaitoa wapi. Mifumo ya kuokoteza huja na matangazo yasiyofutika, au mabaya zaidi. Na simu ikiflashiwa vibaya inaweza kupoteza IMEI, ile namba ya utambulisho wake, ikawaka vizuri lakini isishike laini yoyote. Piga *#06# sasa hivi, uzinakili namba zitakazotokea kwenye lile daftari. Simu ya mkopo usiiguse kabisa kwa njia hii; kifungio cha mwenye mkopo kimo ndani ya mfumo, na ukikichokoa utabaki na deni na simu iliyofungwa. Ipeleke kwa wakala aliyekukopesha.

Simu iliyoacha kupata masasisho haina haja ya kutupwa. Ipunguzie kazi. Toa programu za benki na za pesa, utumie *165# au *185# kwa kupiga. Zinafanya kazi hata kwenye simu ya vitufe. Futa picha za vitambulisho. Iache ipige simu, isikilize redio, ipige picha za shamba. Na siku ukienda kununua nyingine, usiulize kamera tu. Uliza itapewa masasisho kwa miaka mingapi, na uone maandishi. Samsung iliahidi miaka saba kwa Galaxy S24 mwaka 2024, lakini hiyo ni simu ya bei kubwa. Umoja wa Ulaya, tangu Juni 2025, unalazimisha miaka isiyopungua mitano tangu modeli inapoacha kuuzwa sokoni mwao. Kwetu hakuna anayelazimishwa, na simu nyingi za bei nafuu tunazouziwa huacha kuhudumiwa mapema mno. Hili wabunge wetu wa pande zote mbili za mpaka walipaswa kuwa wameshaliuliza.

Dada yangu ana simu nyingine sasa, iliyotumika, Android 11, hifadhi ya gigabaiti 32. Mwezi uliopita ujumbe ukaja, na safari hii aliniletea kabla ya kugusa. Tulisoma maelezo: la usalama, megabaiti mia tatu na kitu. Hifadhi iliyobaki ilikuwa chini ya gigabaiti moja. Tukafuta video za WhatsApp za mwaka mzima, tukahamishia picha kwenye memori kadi, tukaichomoa kadi na kuiweka mezani. Mimi hupenda nafasi iliyo wazi izidi mara mbili ukubwa wa sasisho, na tuliivuka. Wadaiwa wake siku hizi wamo kwenye daftari, pamoja na nenosiri na IMEI, ndani ya mfuko wa plastiki kwa ajili ya harufu ya dagaa.

Tulingoja Jumapili alasiri, siku isiyo na wateja, umeme ukiwepo na betri ikiwa asilimia 80, kwa sababu umeme wa huku unaweza kuondoka wakati wowote na betri lazima ijitosheleze. Akabonyeza. Simu ikapakua, ikazima, nembo ikatokea, mstari mdogo ukaanza kutembea chini yake. Dada hakuisogeza wala kuigusa; alikaa akiitazama kama chungu kinachokaribia kufurika. Ilichukua dakika kumi na nane. Ilipowaka tukakagua laini zote mbili, tukahakikisha data imebaki kwenye laini ya Uganda na kwamba huduma ya data ukiwa nje ya nchi haikujiwasha. Akapiga *165# kuona salio. Kisha akachomoa chaja, akampigia mteja wake wa Malaba kwa laini ya Kenya. Iliita mara mbili ikapokelewa, na baada ya salamu akamuuliza habari ya deni la ndoo mbili za omena.